Pankeki za Mkurugenzi

Jumatatu, 2 Juni

Binti yangu kanipa daftari. Niandike kila anachokula mtoto, saa ngapi, na ngozi yake ilikuwaje baadaye. Sawa. Mbele ni kwa ajili ya mtoto. Huku nyuma ni kwangu, na asichungulie mtu!

Hali ilivyo: mimi ni mpishi mstaafu, miaka thelathini na moja jiko la asubuhi la hoteli. Nimehamia hapa kulea mjukuu wa miezi kumi. Baba yake yuko kwenye ujenzi wa daraja, anarudi mwisho wa mwezi. Binti yangu ni mfamasia, na likizo aliyoongezewa inaisha. Kazini wamemwambia tarehe kumi na sita awe amerudi, la sivyo watatafuta mwingine. Mtoto ana mzio wa mayai na maziwa. Kwa hiyo nina wiki mbili za kuonyesha kwamba naweza kumlisha bila balaa. Barua ya kuacha kazi ameshaiandika, iko kwenye mkoba. Niliiona alipotoa funguo.

Mtoto humu nitamwita Mkurugenzi. Ana kitambi, hana nywele, anapokea chakula kwa kukunja uso, na asichokitaka anakitupa sakafuni bila maelezo.

Kwenye friji imebandikwa karatasi. Sheria tisa! Ya kwanza kaipigia mstari mara mbili: Babu hampi mtoto chochote kutoka kwenye sahani yake.

Nilisoma, nikaenda kunawa mikono. Ndiyo sheria ya pili.

Jumanne, 3 Juni

Pankeki za mboga leo. Bila yai, bila maziwa, bila chumvi. Nikauliza: hiyo ni pankeki au ni adhabu? Akasema: Baba, kwaruza karoti.

Unga wa mchele, karoti, maji. Basi. Yeye anapima kwa mizani — gramu sitini, gramu arobaini — utadhani anachanganya dawa ya kikohozi. Mimi napima kwa jicho. Kanijibu kwamba jicho halina namba.

Kikaango changu nilichokuja nacho kimefungiwa kabatini. Eti kina historia ya mayai. Kweli kinayo, na ni ndefu! Amenunua kipya, mpini kaufunga utepe mwekundu: hicho ni cha mtoto peke yake.

Pankeki ya kwanza ilimeguka nilipoigeuza. Ya pili haikusubiri hata kugeuzwa. Ya tatu tuliichota kwa kijiko. Mkurugenzi akaitazama, akafunga mdomo, kikao kikaisha.

Mimi! Niliyekuwa natoa pankeki mia mbili kabla ya saa tatu asubuhi, huku navunja mayai kwa mkono mmoja hadi vijana wa jikoni wakaniita Mkono Mmoja. Jogoo wa hoteli hawiki jikoni kwa bintiye.

Alhamisi, 5 Juni

Jirani wa nyuma anafuga kuku. Nimempa jina Mama Kuku. Jana kanikaribisha mtaani kwa mayai sita, mawili bado yana uvuguvugu. Zawadi ya mtu unairudishaje? Lakini sheria ya nne iko wazi: mayai hayaingii humu ndani.

Yako nyuma ya pipa la mchele, ndani ya soksi. Soksi safi!

Leo wametoka kwenda kliniki, nikachemsha mawili kwenye birika langu la chai. Nikayala kwenye ngazi za nyuma, kama mwanafunzi anayevuta sigara. Nikanawa mara tatu. Maganda nikayafukia. Mtu mzima, miaka sitini na minne, nafukia maganda!

Yalikuwa matamu, sisemi uongo.

Ijumaa, 6 Juni

Tatizo ni gundi. Yai ndilo linaloshika pankeki, ukiliondoa lazima kitu kingine kikae kwenye kiti chake. Nilijaribu ndizi mbivu — ikashika, lakini ikaungua nje na ndani ikabaki mbichi. Nilijaribu kuongeza unga. Hizo unaweza kuezekea nyumba.

Binti yangu aliigonga moja mezani. Ko, ko, ko. Akauliza nani yuko mlangoni.

Anapenda kunichokoza huyu. Marehemu mama yake alikuwa hivyo hivyo. Nilifurahi kumsikia akitania, maana tangu Aprili tunaongea kama watu wa foleni ya benki.

Jumapili, 8 Juni

Niandike ya Aprili. Hakuna anayesoma.

Nilikuja kuwasalimia. Binti yangu alikuwa anaoga, mtoto nimempakata, na mezani nina yai langu la kukaanga. Mtoto kanyoosha mkono kwenye sahani. Nikampa kipande kama kucha. Hakuna aliyejua ana mzio, yai hakuwahi kula. Hilo daktari mwenyewe alisema: babu, hukujua.

Dakika chache tu, midomo ikavimba. Macho yakavimba. Akawa anapumua kwa kukoroma. Binti yangu katoka bafuni na povu kichwani, kambeba, tukakimbia hospitali. Njia nzima anauliza: kala nini? Kala nini? Baba, amekula nini?

Na mimi nikasema sijui.

Nikasema sijui! Niliogopa. Nilisema ukweli tulipofika mbele ya daktari. Binti yangu akanigeukia, akaniangalia, kisha akamgeukia mtoto. Walimchoma sindano, akatulia, jioni yake akawa anacheka na muuguzi. Mimi sikucheka.

Binti yangu hajawahi kunilaumu. Si neno moja. Aliponipigia simu kuniomba nije kulea, nilidhani amesahau. Kisha nikaona ile karatasi ya friji na ile mistari miwili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka — na ung'ongo wenyewe ni mimi.

Jumatatu, 9 Juni

KIAZI KITAMU!

Unakichemsha, unakiponda kikiwa bado cha moto, kisipoe. Karoti iliyokwaruzwa unaipika kidogo kwa mvuke iwe laini. Mchicha kidogo, uukate mpaka usijulikane ni mchicha. Unga wa mchele, maji, unachanganya, halafu — hapa ndipo nilipokuwa nakosea — unaacha. Dakika kumi usiguse. Unga unywe maji. Kisha moto mdogo, tone la mafuta, vipankeki vidogo vya kiganja cha mtoto, unafunika.

Nikageuza cha kwanza. Kikageuka! Kizima! Nikampigia kelele binti yangu aje aone, akaja mbio na mswaki mdomoni akidhani nyumba inaungua. Alipoona ni pankeki, akarudi bafuni kimya. Nilimsikia anacheka kule ndani.

Mkurugenzi alikishika, akakikagua pande zote mbili. Akauma. Akakitupa. Lakini aliuma!

Jumatano, 11 Juni

Amekula viwili na nusu. Ngozi safi, hakuna kipele. Nimeandika mbele kwa mwandiko mzuri.

Nusu iliyobaki alinipaka kichwani. Binti yangu anasema hiyo ndiyo sahihi ya ofisi, nimepitishwa.

Kisha akauliza, huku anapanga vyombo na hanitazami: Baba, hivi ukiwa peke yako naye, kitu kikienda vibaya, utafanya nini? Nikamtajia yote: dawa iko droo ya juu, sindano iko kwenye kisanduku cha njano, namba ya hospitali iko mlangoni. Akasema: najua unajua hivyo. Sikuuliza hivyo.

Akaenda kumlaza mtoto. Mimi nikabaki nimeshika sahani ambayo ilishakauka zamani.

Ijumaa, 13 Juni

Mayai yamebaki mawili. Birika langu limeanza kunuka kidogo. Nimelisugua kwa ndimu.

Binti yangu kasema kesho ni mazoezi ya mwisho. Ataingia chumbani kunyoosha sare zake za kazi, na mimi nijifanye hayupo. Niandae, nipike, nilishe. Hatatia mguu jikoni.

Jumamosi, 14 Juni

Lo! Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa kumi.

Asubuhi nilitoa yai moja kwenye soksi, nilichemshe niwahi ngazi za nyuma kabla nyumba haijaamka. Nikasikia mlango. Binti yangu huyo, anakuja kuchukua pasi! Nikaliweka yai nyuma ya bakuli la unga, nikajifanya nimeshaanza kazi. Akachukua pasi, akaniachia mtoto, akaondoka. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaendelea.

Kiazi kipo. Karoti. Mchicha. Unga. Mkurugenzi kwenye kiti chake kirefu anapiga kijiko, mimi namwimbia. Maji. Koroga. Mkono ukaenda nyuma ya bakuli — tak! — kwenye ukingo, ukafunguka, ukarudi.

Niliangalia mkono wangu. Nusu mbili za ganda ziko ndani yake. Yai liko kwenye bakuli, kiini kizima, kinanitazama.

Miaka thelathini na moja. Mkono haukuniuliza chochote!

Mtoto alikuwa mbali, hakuguswa na kitu. Chumbani nasikia pasi inagonga meza. Nilijua la kufanya: mwaga, osha, funika, anza upya. Dakika ishirini. Nani angejua? Nilishika bakuli, nikafika nalo hadi kwenye sinki.

Nikasikia ule mdomo wangu wa Aprili: sijui.

Nikaliweka chini. Nikanawa hadi kwenye viwiko. Nikasimama mlangoni mwa chumba nikasema: mama, nimevunja yai kwenye chakula cha mtoto. Hajala. Hajagusa. Yai nililificha mimi, nyuma ya pipa la mchele, kwenye soksi. Lilikuwa langu. Mkono tu.

Alikimbia kwanza kumwangalia mtoto. Uso, mikono, ulimi. Mkurugenzi akamcheka. Ndipo akaja kuangalia bakuli. Akaangalia nyuma ya pipa. Akaivuta ile soksi, na yai la mwisho likining'inia ndani.

Soksi, Baba?

Safi, nikasema.

Tangu wiki iliyopita birika lako linanuka mayai, akasema. Nilikuwa nasubiri nione utafika wapi. Kumbe! Na mimi nasugua ndimu!

Alikaa kwenye kigoda. Hakucheka, hakulia. Akasema: ungeweza kumwaga, nisingejua. Nikasema: ndiyo. Halafu akasema yale ambayo sikuwahi kuyasikia kwake. Kwamba yai la Aprili alishanisamehe siku ile ile, hata yeye angeweza kumpa. Ni ile njia ya kwenda hospitali, Baba. Nilikuwa nakuuliza.

Nikasema najua. Nikasema nisamehe, mama. Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo, nilidhani linajulikana.

Aliosha bakuli yeye, kwa maji ya moto, mara mbili. Mimi nikafuta meza. Yai la mwisho alilirudisha kwa Mama Kuku mwenyewe, likiwa ndani ya soksi. Sasa mtaa mzima utajua.

Kisha nikapika upya. Hakurudi chumbani. Alisimama hapo hapo anaangalia mikono yangu.

Jumapili, 15 Juni

Sijui kama kesho anaenda. Sare imenyooshwa, imetundikwa. Lakini na mkoba upo pale pale, na barua yake ndani.

Mchana kanituma sokoni. Orodha kaiandika nyuma ya karatasi: unga wa mchele kilo mbili, viazi vitamu, karoti. Chini kabisa: ndimu, kwa ajili ya birika. Nikaigeuza nikiwa kwenye foleni. Ni ile barua!

Huenda ana nakala nyingine. Mfamasia huyu, hakosi nakala.

Jumatatu, 16 Juni

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Basi lake linapita na nusu.

Ameshaaga mara tatu. Mara ya kwanza karudi kuangalia kisanduku cha njano. Mara ya pili kasahau simu, nayo iko mkononi mwake. Sasa amesimama mlangoni kavaa viatu, anasema anatafuta funguo. Funguo ninaziona zinaning'inia kidoleni.

Naandika huku nakula. Pankeki zangu leo ni hizi hizi za mtoto, kikaango kile kile cha utepe. Si kwa utakatifu — sina yai. Ila si mbaya. Zinataka chumvi tu.

Mkurugenzi zake ameshatupa mbili. Hazitaki. Anazitaka za kwangu! Ni zile zile, bwana, nimemwambia, tumetoa kwenye moto mmoja. Hasikii. Kajinyoosha kwenye kiti chake hadi mkono umefika kwenye sahani yangu, vidole vitano vimefunguka.

Nimesogeza sahani. Kanikunjia uso, kanyoosha tena. Nimeangalia friji. Nimeangalia mlango.

Binti yangu anatuona. Ameacha kutafuta funguo.

Baba, kasema, hiyo yako ina nini?

Nimemtajia moja moja. Unga wa mchele. Kiazi kitamu. Karoti. Mchicha. Maji. Mafuta tone moja.

Na kingine?

Hakuna kingine, mama.

Ananiangalia. Kule nje basi limepiga honi kwenye kona, limewahi leo. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Mkoba ameupandisha begani. Mkono wa mtoto bado uko hewani, na mimi naweka kalamu chini.