Usingizi wa Mchana Chini ya Bungalo

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumanne, tarehe 11 Juni.

Mpendwa Baba Mkubwa,

Nakuandikia kukuomba uje, mapema iwezekanavyo, umwamuru mdogo wako aache kulala chini ya gari lake. Najua kwamba kutanguliza ombi kabla ya salamu si adabu uliyotufundisha. Nimefanya hivyo ili, endapo barua hii itakukuta ukiwa na haraka na ukasoma sentensi moja tu, sentensi hiyo iwe ndiyo hiyo.

Sasa shikamoo, Baba Mkubwa. Natumaini goti lako la kushoto, lile ulilolichosha kwa kukanyaga klachi miaka yote ile, limepata nafuu, na kwamba Mama Mkubwa anasoma tena bila kusogeza gazeti hadi puani baada ya kutibiwa macho. Wajukuu nao bila shaka wanaendelea kukupandia mgongoni. Sisi huku tu wazima. Mama hana ugonjwa wowote isipokuwa sauti iliyokauka kwa kumgombeza mumewe.

Kwa upande wangu, nina furaha kukuarifu kwamba nimetunukiwa shahada ya uhandisi wa mitambo, daraja la kwanza, na kwamba Jumatatu ijayo ninaripoti kazini katika kiwanda cha vifaa vya friji, kitengo cha matengenezo. Nilipanga barua hii iwe ya habari hizo peke yake, na ningeipamba ipasavyo. Imenibidi niiandike kwa sababu nyingine.

Huenda ukauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako hupokelewa na wajukuu, na neno likishaingia masikioni mwa wajukuu humfikia Baba kabla mimi sijamaliza kuaga. Kwa hiyo nimemkabidhi barua hii dereva wa basi la asubuhi, yule mwenye mwanya, ambaye bado anakuita "Mwalimu". Ameahidi kukupa mkononi.

Unalikumbuka lile gari ambalo kampuni ya barabara ilimpa Baba alipostaafu, lenye vitanda, jiko na sinki ndani yake, ambamo wapimaji wa kampuni walikuwa wakilala porini. Majirani wameliita Bungalo, na Baba hulifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso wake mwenyewe. Limeegeshwa uani, mahali ambapo ardhi inateremka kuelekea mfereji, na hapo ndipo maelezo yangu ya kitaalamu yanapoanzia. Nakuomba univumilie.

Bungalo halina springi za chuma kama mabasi mliyoendesha ninyi. Kila pembe yake imekalia mto wa mpira uliojazwa upepo. Ukiliegesha penye mteremko unabonyeza kitufe, nalo hujipima lenyewe: pembe iliyo chini huongezewa upepo, iliyo juu hupunguziwa, hadi taa ya kijani inapowaka kwenye dashibodi kuonyesha kwamba limenyooka. Ni mfumo wa kupendeza, na nisingekuwa na neno baya juu yake kama kusingekuwa na mtu anayelala chini yake.

Dalili ya kwanza aliiona Mama, ingawa hakujua kwamba ni dalili. Gari lilipoletwa hakuweza kupanda mlangoni bila kigoda. Mwezi uliopita alikirudisha kigoda jikoni, akapanda kwa hatua moja kama bibi harusi. "Limenizoea," akatuambia. "Limeshajua mwenye nyumba ni nani." Tulicheka sote watatu.

Baadaye, nikiwa kitandani, nilijiuliza ni gari gani hilo linalopungua kimo kwa heshima ya mtu.

Kesho yake nikaanza uchunguzi. Nilianza na kompresa, kwa kuwa ndiyo inayozalisha upepo wote: injini ikiwa imewashwa, mshale wa kipimo ulipanda vizuri na kutulia. Tangi la upepo halikuwa na tatizo. Mabomba niliyafuata kwa vidole tangu mwanzo hadi mwisho. Valvu zinazopima kimo zilifungua na kufunga kama inavyotakiwa. Hatimaye nikachanganya sabuni ya unga na maji, nikaipaka mito yote minne kwa brashi ya rangi. Mitatu ilitulia. Wa nyuma kushoto ulitoa povu kama maziwa yanayochemka, na nilipofuta tope katika mkunjo wake nikauona ufa, mrefu kama kucha ya kidole gumba.

Hapo palibaki swali moja, nalo lilinisumbua kuliko ufa wenyewe. Kama mto mmoja unavuja, kwa nini gari haliinamii upande huo?

Jibu nililipata kwa kukaa uani na kulitazama. Injini ikizimwa, kompresa nayo imezimika, hivyo hakuna upepo mpya wa kuinua pembe inayoshuka. Lakini ile akili ya kujipima inaendelea kufanya kazi kwa umeme wa betri. Ikiona pembe moja imeshuka na haina cha kuiinulia, inatoa upepo katika pembe nyingine tatu ili zilingane nayo. Gari lote linashuka pamoja, kimya, bila kuinama, na taa ya kijani ikiendelea kuwaka. Taa ile inaeleza kwamba gari limenyooka. Kimo chake haikijui kabisa.

Nilimweleza Baba haya yote nikiwa nimechora na mchoro. Alinisikiliza kwa makini, miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Profesa," akasema, "taa inawaka rangi gani?"

"Kijani, Baba. Ndiyo maana nasema..."

"Basi. Kijani ni kijani. Siku ikiwaka nyekundu uje na mchoro wako."

Akauchukua mkeka, akaenda kulala.

Analala hapo kila siku baada ya chakula cha mchana, kuanzia saa saba, nyuma karibu na ekseli, upande ambao ardhi imeinuka na nafasi ni ndogo kuliko kwingine kote. Ndani ya gari mchana ni tanuri, na hilo nakubaliana naye. Mama amemwambia kuna kitanda chumbani na kochi sebuleni, akamuuliza kama aliolewa na dereva au na panya wa uvunguni. Baba alimjibu kwamba panya huoa wanaojua kupika, na hapo mazungumzo yakageuka kuwa ya mboga.

Baba Mkubwa, naomba radhi kwa hili nitakaloandika. Desturi hii aliipata kwako. Amenisimulia mara nyingi, kwa fahari, jinsi alivyokuwa utingo wako, na jinsi mlivyotandika mkeka chini ya basi kila mlipofika kituoni kabla ya zamu ya jioni, kwa sababu dereva anayelala mbali na basi lake huamka akalikuta halina vioo vya pembeni. Chini ya basi la springi mlikuwa salama kabisa, kwa kuwa springi haina upepo wa kuishiwa. Yeye amebadili gari, lakini mkeka ameutandika palepale.

Sikukaa bure. Niliweka vipande vinne vya mbao nene chini ya chesi, ile fremu ya chuma, ili gari likishuka lizikalie mbao. Baba alipovikuta alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Basi linalowekewa magogo ni basi lililokufa," aliniambia. "Unataka madereva wenzangu wapite hapo nje waseme mzee kaegesha maiti?" Alivitoa kimoja kimoja, akavipeleka jikoni. Nikavirudisha. Akavitoa tena, na safari hii akavipasua kuni. Nilichomoa fyuzi ya mfumo ule wa kujipima. Jioni nikaikuta imerudi mahali pake, na yeye akipiga mluzi.

Hadi hapo ningeweza kusema ni ubishi wa mzee, nikasubiri uishe. Lakini Ijumaa lilitokea jambo ambalo limenifanya nishindwe kula vizuri tangu siku hiyo.

Nilikuwa nikianika nguo uani. Mama alikuwa kwa jirani. Nikasikia Baba akiniita kutoka chini ya gari, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba maji.

"Profesa. Uko hapo?"

"Nipo, Baba."

"Hebu niwashie gari."

Funguo zilikuja zikiteleza juu ya zege hadi miguuni pangu. Niliinama. Alikuwa amelala chali, mkono mmoja tu ukiwa huru. Boriti ya chesi ilikuwa imegusa kifua chake na kulibana shati, na alikuwa akipumua kwa juu juu, akichagua pumzi. Nilitaka kumvuta miguu. "Usinivute," akasema. "Washa."

Niliwasha injini. Unajua, Baba Mkubwa, kwamba upepo hauji mara moja. Lazima tangi lijae kwanza ndipo mito ipate chake. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikiutazama mshale ukipanda kwa uvivu, gari zima likitetema, na yeye akiwa chini ya mtetemo huo. Mbele yangu ile taa ya kijani ilikuwa ikiwaka. Sikuweza kumsikia kwa sababu ya injini. Sikujua kama kimya chake ni cha kungoja au ni cha namna nyingine.

Gari lilipoinuka alitoka mwenyewe, akajipangusa, akaangalia kifungo kilichokatika shatini. "Usimwambie mama yako," akasema. Sikumwambia. Wewe hakukutaja, nami sikumkumbusha.

Niliamini kwamba yameisha. Jumamosi, saa saba, alitandika mkeka palepale. Nilipomsihi alinijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionitia hofu: "Sasa nimeshalisoma. Linashuka taratibu, kama mzee anayekaa kitini. Linanigusa kwanza, naamka, natoka. Jana nilizidiwa na usingizi tu."

Kumbe alijua. Alijua tangu mwanzo kwamba linashuka, na amelifanya kuwa jambo kati yake na gari.

Jana nilipaka sabuni tena wakati yuko bafuni. Ufa umefika urefu wa kidole kizima, na mpira unaouzunguka umevimba kwa nje kama shavu lenye jino bovu. Kwa mujibu wa elimu niliyoipata, mpira wa namna hiyo hauendelei kuvuja taratibu hadi mwisho. Siku moja unapasuka. Upepo ukitoka wote kwa mkupuo, pembe ile inaanguka yote mara moja, na hakuna kugusa kwanza wala kuamka.

Mto mpya umekwisha kupatikana. Uko chini ya kitanda changu, umefungwa kwenye gunia. Fundi wa breki za upepo wa mtaa wa pili yuko tayari kuufunga, na kazi yenyewe haimalizi nusu siku. Lakini amesema waziwazi kwamba hagusi gari la mzee bila mzee kutoa kauli, kwa kuwa anataka kuendelea kusalimiana naye. Baba kauli hiyo hatoi. Anasema gari zima halifunguliwi, na kwamba wahandisi hupenda kufungua vitu ili waonekane wamesoma.

Tangu Jumamosi mimi hukaa kwenye ngazi ya Bungalo kila mchana, nimeshika kitabu nisichokisoma, funguo za akiba mfukoni, nikisikiliza anavyokoroma chini yangu. Akikoroma napata amani. Akinyamaza nahesabu. Jumatatu nitakuwa kiwandani saa hiyo, na Mama saa hiyo huenda kwa jirani, naye hajui lolote.

Ndiyo maana ninakuomba wewe. Mimi ni mwanawe, na maneno yangu kwake ni maneno ya shule. Wewe ndiye uliyempa usukani, na ndiye uliyemwonyesha pa kutandika mkeka. Kauli yako moja itatosha: kwamba enzi ya kulala chini imekwisha, na kwamba fundi aingie kazini. Nimemwomba fundi asubiri Jumamosi na vifaa vyake tayari. Ukiona inafaa kumwambia Baba kwamba umekuja kunipongeza kwa shahada, sitaona vibaya.

Mfikishie Mama Mkubwa heshima zangu, na umwambie kitambaa alichoniletea nimeshakishona na ndicho nitakachovaa siku ya kwanza kazini. Msalimie Shangazi na kikohozi chake, kaka yangu fundi cherehani, na wajukuu wote, hasa yule anayeng'ata. Mama anakusalimu sana bila kujua kwamba nimekuandikia. Mwenyezi Mungu akutangulie njiani na alitunze goti lako.

Basi la alfajiri huingia stendi kuu saa nne. Mimi nitakuwa langoni, upande wa kutokea, Jumamosi tarehe 15, saa nne kamili asubuhi, na gari la kukodi likinisubiri. Usisimame kunywa chai stendi, Baba Mkubwa; chai utaikuta nyumbani. Nataka tufike yeye akiwa bado mezani, kabla hajauchukua mkeka.

Ni mimi, binti yako anayekupenda na kukutegemea,
Profesa.