Mwaitu, Lori Lilituona

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Trela lako limerudi kutoka kwa fundi leo asubuhi. Bati jipya la kona ya nyuma bado halijapakwa rangi, linang'aa kama sufuria ambayo haijawahi kuwekwa motoni. Nimekaa kwenye ngazi yake hapa uani kwetu, mjini Kabati, chai mkononi, nikaona nikuandikie. Kuna jambo lilitupata mwezi uliopita ambalo, kama ungekuwapo, ningekusimulia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ulilinunua trela hili la kulala ulipostaafu ualimu, kutoka kwa watu wa kutengeneza barabara waliokuwa wakivunja kambi yao. Mjomba alicheka akasema utalifugia kuku. Wewe ukaosha kitanda, ukaweka jiko la gesi na pazia la maua, ukalifunga nyuma ya pikapu, na safari za Mutomo kununua asali zikaanza. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, kwa hivyo nikawa abiria wako. Tulilala humo uani mwa wafugaji wa nyuki, mbuzi wakijikuna ubavuni mwa trela hadi kulipokucha, na asubuhi ulinikaangia mayai ukiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini.

Siku ambayo gurudumu la trela lilikwama njiani tukitoka Mutomo, nadhani hukuisahau. Jua lilikuwa la saa nane, vumbi jekundu hata kwenye meno. Ulisogeza gari pembeni kadiri ulivyoweza, ukawasha taa zote za kuonya, ukaweka mawe kwenye magurudumu. Kisha ukavaa lile koti lako la manjano lenye mistari ya kung'aa juu ya gauni la kanisani, ukachukua zile pembetatu nyekundu ambazo madereva huziita laifseva, ukaanza kutembea kurudi tulikotoka. Ulihesabu hatua kwa sauti. Ulipita kona, ukapotea machoni pangu, na mimi nikapanda ndani ya trela nikajilaza.

Uliporudi ulifungua mlango ukasema, "Mumbua, toka huko."

"Mwaitu, ni jua. Hapa kuna kivuli."

"Toka. Kaa kwa ule mti, mbali na barabara."

Nilitoka nikiwa nimevimba kwa hasira. Watu wawili walipita kwa pikipiki wakakutazama na koti lako, nikasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo. Nilisema, "Unapenda kutuaibisha."

Ulipangusa vumbi kwenye miwani, ukaketi kando yangu kwenye majani makavu. Ndipo ukaniambia polepole, kama ulivyokuwa ukiwaeleza watoto wa darasa la tatu, "Mimi siogopi gari kuharibika. Hiyo fundi atatengeneza. Mimi naogopa mtu anayekuja na hajui tuko hapa."

Fundi uliyemwita kwa simu alipomaliza, ulirudi kuchukua pembetatu, kisha ukayatupa yale mawe mbali na lami, moja moja, ili mwingine asiyagonge. Sikukusaidia. Nilikuwa nimeshakaa kwenye pikapu na simu yangu.

Sasa nikueleze ya mwezi uliopita. Tulikuwa tumeenda Tawa, kwenye harusi ya binamu yake Musyoka, mume wangu. Tulilala kwenye trela uani kwao, na asubuhi ya kurudi kilima chote kilikuwa kimefunikwa na ukungu, ule wa Julai unaoloanisha nguo. Niliendesha taratibu. Mteremko ukiwa umeanza tu, nikasikia tairi la trela likipasuka. Pembeni palikuwa pembamba, ukingo wa udongo upande mmoja, na nusu ya trela ikabaki juu ya lami.

Mwende, binti yetu, alikuwa ameamka na homa kidogo. Ana miaka sita sasa, na ana paji lako la uso. Alikuwa akitetemeka, akaomba alale kwenye kitanda cha trela.

"Mwache alale," Musyoka akasema, akitoa jeki. "Ni dakika kumi tu, tumeondoka."

Mwaitu, nilifungua ule mlango. Nilimshika mtoto kwapani na mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Blanketi lilikuwa pale, kavu, na nje kulikuwa na baridi. Sijui kama ni sauti yako niliyoisikia au ni yangu, lakini nilimshusha. Nilimfunga blanketi, nikamwambia Musyoka aache jeki kwanza, ampandishe mtoto juu ya ukingo na akae naye huko.

"Wewe na mama yako," akasema, lakini akaenda.

Nilivaa koti lako. Nilikuwa nimewasha taa, lakini niliporudi nyuma hatua ishirini sikuziona tena, wala trela lenyewe. Rangi yake ya kijivu na ukungu vilikuwa kitu kimoja. Nikaanza kukimbia. Niliweka pembetatu ya kwanza kabla ya kona, ya pili juu zaidi, mahali ambapo mtu angekuwa bado na barabara ya kufungia breki. Nilikuwa nikirudi kupitia kwenye majani niliposikia lori.

Lilikuwa limebeba mchanga. Breki zililia juu ya kona, likaja likiteleza polepole, likayumba kulia, na karibu lipite salama. Ubavu wake ulikamata kona ya nyuma ya trela, bati likachanika kuanzia taa hadi kwenye dirisha la kitanda. Kisha kukawa kimya, na nikamsikia Mwende juu ya ukingo akiuliza baba yake hiyo ni nini.

Dereva alikuwa mzee wa makamo, kofia ya sufu kichwani. Alishuka akaja mbio, hakutazama lori lake.

"Ndani mko wangapi?"

"Hakuna mtu, mzee. Wote wako juu pale."

Akawatazama, akahesabu kwa kidole, akaketi kwenye nyasi zilizoloa. "Niliona ile nyekundu kwa barabara," akasema. "Bila hiyo, mama, ningekuja tu na mwendo wangu."

Nilimpa chai kutoka kwenye chupa, na yeye na Musyoka wakabadilisha tairi pamoja. Tulipomaliza, Musyoka mwenyewe alienda kuchukua pembetatu. Alirudi nazo amezikumbatia kifuani, akaninong'oneza pole. Sikuhitaji zaidi ya hapo.

Mwaitu, mimi nina amani siku hizi. Biashara ya asali inaenda, mtoto amepona, na nyumba ina kelele nzuri. Nimekuwa nikitaka kukuomba msamaha kwa lile neno la Mutomo, na nafikiri leo nimeomba.

Siku ya mazishi yako watu wengi walisimama kusema. Walimu walisema ulifundisha vizuri, kanisa likasema uliimba vizuri. Hakuna aliyetaja kwamba ulikuwa dereva. Mchungaji aliuliza kama kuna mwingine wa kuongea, na mimi nikainamisha kichwa. Ningesema jambo moja tu, kisha nikae: kwamba nilisafiri nawe miaka minne, na kila mara ulinifikisha nyumbani.

Pumzika, Mwaitu. Huku tuko salama.

Kitinda mimba wako,
Mumbua