Kwa Baba Veikko, Aliyewafungulia Wengine Njia ya Theluji

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike katika ardhi ngumu kama jiwe, na bado koti lako la kazi limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mama hataki liguswe. Linanuka dizeli mpaka leo. Miaka yote ya ndoa yenu alikuwa akikwambia, "Mwanamume wewe, hilo koti lilale nje na mwenzake," nawe ukicheka na kumkumbatia nalo vilevile, makusudi, akipiga kelele.

Mwenzake ni kile kigari chako cha machungwa chenye beleshi la chuma mbele. Kidogo kuliko pikapu, kikubwa kuliko toroli, na mngurumo wake tuliujua tangu kwenye kona ya kanisa. Kila jioni ya baridi kali ulichomeka waya wa kupasha injini, ukaitia dizeli dawa isigande, ukaifunika kama mtoto. Upepo wa ziwa ukianza kuvuma, ukishakunywa kahawa umekwisha kutoka. Bibi Hilja ulimpelekea kuni. Wengine uliwapelekea dawa, maziwa, chakula cha mbwa. Ukiulizwa kwa nini, ulijibu, "Sasa nikae nifanye nini, nihesabu vigae?"

Na walikuwapo waliokuzibia pua. Curtis Blandford, aliyejenga ile nyumba ya vioo ufukweni, alisimama mkutanoni akasema kigari chako kinachafua hewa na kumwamshia mkewe alfajiri. Ulirudi nyumbani ukamwambia Mama, "Yule bwana ana haki. Nitampitia mwisho, akiwa ameshaamka." Mama aliona jambo hilo linatia kichefuchefu. Wewe uliona ni ratiba tu.

Halafu ikaja ile tufani ya Januari. Magari ya kaunti ya kusukuma theluji yaliitwa yarudi. Umeme ulikatika. Mchana wa siku ya pili simu ikalia, Mama akapokea, na sauti ilikuwa ya Curtis.

"Mama Lempi, naomba niongee na mzee. Mke wangu Janine hapumui vizuri, mashine yake ya oksijeni imezimika. Atuletee ile jenereta yake."

Ulikuwa na mafua, na kifua kilikuwa kimekubana tangu asubuhi. Mama alishika mkono wa koti lako. "Veikko, usiende. Yeye ana pikapu ya dizeli mpya kabisa, ina beleshi kubwa kuliko lako. Si aje mwenyewe aichukue jenereta?"

"Lempi, mwanamke hapumui," ulisema, ukaenda.

Yaliyotokea huko Janine alitusimulia baadaye, akilia kwa aibu. Uliipandisha jenereta ngazi zote peke yako, maana mumewe alisema mgongo unamsumbua. Uliiwasha, ukangoja mpaka mashine ya mgonjwa ikapumua tena. Ulipogeuka kuondoka, Curtis alikuita dirishani: "Mzee, kwa vile uko hapahapa, nisafishie na mbele ya gereji." Nawe ukamsafishia.

Ulirudi nyumbani ukakaa jikoni na viatu vyako vya theluji. Mama alijua pale pale. Hukuwahi kuingia na viatu ndani tangu umwoe.

"Nipumzike kidogo tu," ulisema. Uso ulikuwa na rangi ya majivu.

Gari la wagonjwa lingeweza kufika kanisani, si zaidi. Mama hakujua kuendesha kigari chako, na sisi wanao tulikuwa mbali. Mtu wa karibu aliyekuwa na gari la kupenya theluji alikuwa mmoja tu, akampigia.

"Curtis, Veikko kifua kimembana. Lete hiyo pikapu yako, tumfikishe kanisani tu."

"Dah, mama. Ningekuja. Lakini gari bado jipya, na huko barabarani huoni mbele. Nikikwama je? Bora tuwasubiri watu wa kaunti."

"Umesafishiwa gereji sasa hivi! Na yeye!"

"Najua, mama, na namshukuru sana. Mwambie namwombea."

Mama aliweka simu chini. Anasema hakukasirika wakati ule. Alihisi kama mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta panya aliyeoza.

Aliyekuja, Mama alipompigia kumwambia tu, ni Bibi Hilja. Naam, Hilja yule wa kutembelea mikongojo miwili. Alikuja juu ya trekta la dizeli la marehemu mumewe, lisilo na paa wala kioo, amejifunga blanketi kichwani, nyusi zimeganda. "Tumfunge kwenye kitoroli cha nyuma," alisema, "na wewe Lempi umlalie juu, asipoteze joto." Mama alikulalia njia nzima. Kanisani mlifika. Hospitali hukufika.

Tutakwambia na la mazishi, maana ungelicheka. Curtis alilia kwa sauti kubwa kuliko dadako Aune, kisha akala mikate ya nyama na viazi mpaka akafungua mkanda. Fadhila ya punda ni mateke, Baba, lakini punda angalau hali chakula cha msiba.

Vuli ilipofika tuliitwa mkutanoni katika ukumbi wa chini wa kanisa. Curtis alikuwa na bango. Uso wako ulikuwa umechapwa juu, na chini yake pikapu yake imeoshwa inang'aa. Alitaka kumbukumbu yako iwe na msafara wa magari ya dizeli, yeye akitangulia.

"Sote tulimpenda Veikko," alisema, mkono kifuani.

Mama alisimama. Hajawahi kusema mkutanoni maisha yake yote.

"Ulimpenda kama mtu anavyopenda beleshi," alimwambia. "Likivunjika, unauliza jingine liko wapi."

"Mama, hapana, si haki hiyo. Mimi nilikuwa..."

"Ulikuwa dirishani. Lile gari halikutoka siku mume wangu anakata roho. Leo litoke kwenda kupigwa picha? Shusha hilo bango, uso wa Veikko usilale juu ya uchafu."

"Mwambie, mwanangu," Bibi Hilja alisema kutoka nyuma. Mtu mmoja alikohoa. Bango likashushwa.

Baada ya siku hiyo binti yako Marlys alimfundisha Mama kuendesha kigari chako. Mama aligonga boma la kuni na kisanduku cha barua, na maneno aliyoyatoa hatuwezi kuyaandika hapa. Desemba, tufani ya kwanza, alimpelekea Hilja kuni. Umeme ukakatika tena. Simu ikalia tena, safari hii Janine mwenyewe, pumzi zikikatika.

Mama alisimama na simu mkononi akilitazama koti lako. Kisha akaenda. Alipofika, Curtis alikuwa mlangoni kwa soksi.

"Shika upande huo," Mama alimwambia, akiionyesha jenereta.

"Mgongo wangu, mama..."

"Haya. Mimi na mkeo tutaungoja upone."

Alivaa viatu. Alibeba, ngazi zote. Mama hakumsaidia hata kumfungulia mlango. Alikaa na Janine mpaka midomo yake ikarudi rangi, akamchemshia kahawa, akaondoka bila kumuaga mwenye nyumba. Tulimuuliza kama ameshamsamehe. "Hasira zimeisha," alisema. "Kinyaa kimebaki. Lakini yule mwanamke anahitaji kupumua."

Wanaokukumbuka ni mkeo Lempi, ambaye sasa ndiye anayenuka dizeli, sisi wanao Marlys na Ray, mkweo Joanne, wajukuu wako Tilda na Emmett, dadako Aune, na Hilja, ambaye si wa damu lakini alikuja.

Wiki iliyopita Curtis Blandford alikuja kuomba jina lake liwekwe hapa pamoja na yetu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hapana, akafunga mlango.

Lala, Baba. Umo mioyoni mwetu siku zote.