Kutoka Chini ya Masanja

Jumamosi. Mvua imekatika kabla ya saa nne, mtaa wetu wa Mirongo wote ni matope, na shingo inaniuma kweli kweli. Lakini moyo wangu mweupe.

Leo nilikuwa na mtihani. Wenzangu wa kiwanda cha minofu ya samaki, wanaosumbuliwa na vibaka wakitoka zamu, wameniomba niwafundishe jujitsu. Mwalimu Kirit alisema atanipa darasa hilo nikiweza kujitoa chini ya Masanja, kuli wa bandarini, pande la mtu. Nikishindwa, wangoje mpaka mwakani.

Tunajifunzia kwenye ghala la baba yake Mwalimu, juu ya mikeka iliyotandikwa kwenye marobota ya mitumba isiyouzika. Wengi tulifika pale tukiwa mabingwa wa kutazama filamu za mapigano kwenye vibanda vya video. Majina ya mbinu nilikuwa nayo mdomoni, tele. Mwalimu hakuyataka. Kwake swali ni moja tu: uzito wa mwenzako umekaa wapi, na unashikiliwa na nini? Mwanzoni nilimwona mbabaishaji.

Basi, Masanja akanikalia tumboni, magoti huku na huku, mikono kaikandamiza kifuani kwangu. Nikajaribu ile ya kwenye video, ya kusukuma kifua. Wapi! Nikajaribu nyingine. Pumzi ikaniishia, nikaanza kufikiria nitawaambia nini wenzangu.

Nikaacha kusukuma.

Nikajiuliza lile swali. Masanja alikuwa kama meza: mikono miwili, magoti mawili. Meza ikikosa miguu ya upande mmoja, huangukia huko huko. Nikaubana mkono wake wa kulia kifuani kwangu, nikaufunga mguu wake wa kulia kwa mguu wangu, nikainua kiuno na kubiringika upande ule. Jamani, Masanja huyo chini! Akauliza mbinu hiyo inaitwaje. Sikujua, wala sikujali.

Mwalimu hakupiga makofi. Alivua saa yake, akalala chali palepale nilipokuwa nimelala mimi, akasema, "Haya, Mwalimu Kabula, nifundishe."

Mtu mzima, bingwa wetu, chini kwenye mikeka! Nilimweleza hatua kwa hatua. Akaniuliza maswali kama mgeni, na nilipokosea alingoja mpaka nikajisahihisha mwenyewe. Nimemvulia kofia.

Jumatatu wenzangu wanakuja. Kumwangusha mtu nimeweza. Je, nitaweza kulala chini vile, nimwache mwanafunzi wangu anifundishe?