Unywele Kifuani mwa Koti

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo wewe na watoto? Mimi mzima, ila kiuno kimechoka na cherehani.

Unaandika: "Unywele mrefu mweusi umechomoza kwenye koti la mume wangu, usawa wa moyo. Unywele ni unywele, kaka, una mwenyewe." Hapana! Hoja hiyo haina miguu, na wewe mwalimu mzima unaisimamia! Koti lile nimelishona mimi. Kifuani, chini ya bitana, kuna kitambaa kilichofumwa kwa singa za mkia wa farasi. Ndicho kinachosimamisha kifua cha koti hata mvaaji akiwa amenyong'onyea. Unywele uliong'oka kichwani una mzizi, na ni laini, unaukunja utakavyo. Singa imekatwa huku na huku, ngumu, ukiikunja inarudi. Mshono ukilegea, inatoboa bitana na kuchungulia nje.

Kabla hujafunga mizigo, chukua lenzi ya darasani, fumua, utazame. Shemeji ni mtu safi, naweka mkasi wangu rehani.

Kaka yako

11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Watoto wazima, wanakusalimu.

Mzizi sikuuona. Niliuzungusha kidoleni, ukafyatuka kama waya! Nikafumua bitana: kitambaa cha rangi ya majivu, nyuzi za pamba kwa urefu, singa zimekingama. Mchana kutwa nakikunja, kinakunjuka. Kumbe mkia wa mnyama unaweza kumpa mwanamume kifua!

Umeshinda. Jioni namwomba radhi kwa kumnunia siku zote hizi bila kumwambia sababu.

Mdogo wako

29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Afya ipo, usingizi ndio sina.

Jioni ile nilikiweka kitambaa mezani, na ule unywele juu yake, nimweleze tucheke. Hata sijafungua mdomo, akauona unywele. Akaketi.

"Mama watoto," akasema, "yule tumeshaachana."

"Yupi? Farasi?"

Hakucheka.

Unywele ni wa farasi, sikatai. Lakini mume wangu kila akija mjini kwenu anashinda dukani kwako, mnakunywa chai, mnaongea mpaka unafunga. Na uliapa kuwa ni mtu safi wakati mimi nilikuuliza habari za koti tu.

Safari hii usinifundishe kitambaa. Kaka, niandikie neno moja: ulijua?

Mdogo wako