Nani Alilisimamisha Gari Moshi la Salale?

Mpendwa Bi Mashavu,

Naomba unisaidie upesi, maana Jumamosi hii makumbusho yetu ya reli hapa Kibiti yanafunguliwa na mimi ndiye niliyepangwa kuwaeleza wageni habari za magari moshi yaliyomo, na Ijumaa inayofuata ni ndoa yangu, na mambo haya mawili sasa yameshikana mashati kwa sababu ya baba yangu mdogo, Mfaume. Pale tuna vichwa vitatu vya treni na mabehewa yake, lakini hata kabla hatujafungua, kila anayeingia kuchungulia anakwenda moja kwa moja kwenye kile kidogo cheusi kilichofukuliwa kwenye tope la mikoko kule Salale, ambacho Wajerumani walikuwa wakivutia magogo, na vita vya Maji Maji vilipowaka wakakipakia askari na risasi wawafuate watu wetu, kikafa njiani, askari wakateremka wakaanza kutembea, na mpaka wanafika watu walikwisha kuingia mikokoni na watoto wao na mpunga wao, ndiyo maana leo sisi tupo.

Kwetu tumekua tukiambiwa kilizimwa na dawa ya Kondo, aliyewanyunyizia watu maji ya vita, lakini bibi yangu Bi Siti, mama yake huyo Baba Mfaume na mjukuu wa Kondo mwenyewe, akisikia hivyo huguna tu, mpaka mwezi uliopita nilipomkalisha akaniambia kwamba wanawake ndio waliolazimishwa kulichotea maji gari moshi, na aliyewapanga ni mke wa Kondo, Mwanahawa. "Ya kunywa askari waliyachota maji yakipwa, matamu," akasema bibi. "Ya yule punda wao wa chuma walingoja bamvua, bahari ipande mtoni, wakamnywesha chumvi. Mzungu hakuonja. Nani aonje maji ya mtambo?" Basi Bi Mashavu, mchumba wangu Sadala ndiye fundi aliyelifungua boila wiki iliyopita, lile tangi la kuchemshia maji, na ndani mlikuwa na ukoko mgumu kama wa sufuria ya wali, mabomba yote yameziba, akabandua kipande nikakiramba, chumvi! Nilipiga vigelegele mle bandani mpaka mlinzi akaja mbio akidhani tumevamiwa, maana nilikuwa nimeushika mkononi ushindi wa bibi zangu.

Nilipomwambia Baba Mfaume kwamba nitalitoa jina la Kondo kwenye kibao cha maelezo niweke la Mwanahawa, alikuja juu. "We mtoto, mwanamke kuchota maji ni kazi yake ya siku zote, tangu lini ikawa vita? Na ukoko huo mmeupika wewe na mchumba wako. Ukilitamka jina hilo mbele za watu, tafuta walii mwingine wa kukuozesha." Baba yangu ni marehemu, walii wangu ni yeye, nami nampenda Sadala na sasa nampenda na Mwanahawa ambaye sikumwona, je, ninyamaze niolewe, au niseme nibaki nyumbani?

Mwatumu,
Kibiti

Mwatumu mwanangu,

Kwanza pokea kigelegele changu. Nimekipiga hapa hapa ofisini na wenzangu wote wamegeuka. Wanawake na mitungi yao kichwani wameliua gari moshi lililojaa bunduki, halafu wakarudi nyumbani kupika! Hongera kwa damu uliyonayo.

Sasa ngoja nikugombeze. Nani alikutuma kulifuta jina la Kondo? Mwanamke anayemimina chumvi huku askari amesimama ubavuni, akijua akigundulika ni risasi, huo moyo aliupata wapi? Pengine asubuhi ile mumewe alimnyunyizia hayo maji yake kabla hajajitwika mtungi. Wale walikula sahani moja, ninyi mnakuja kuwapa talaka baada ya miaka mia na ushei! Weka majina yote mawili kwenye kibao. La Mwanahawa litangulie, maana ushahidi wake uko ndani ya boila.

Na huyo baba yako mdogo, eti kuchota maji si vita. Mwambie gari moshi halikulijua hilo. Kama ukoko mmeupika, basi mama yake ni mwongo, na hilo akamwambie Bi Siti usoni kama anaweza. Uwalii nao si fimbo ya kuwatishia watoto wa marehemu kaka yake. Leo hii, kabla ya adhuhuri, mchukue bibi yako mwende kwa sheikh wa msikiti wenu mkamweleze. Walii akizuia ndoa bila sababu ya sheria, huwekwa kando na uwalii ukahamia kwa mwingine, na sheikh anaijua njia. Kwa hiyo kunyamaza sitaki, na nyumbani hutabaki.

Ila usimwaibishe mtu mzima bila kumpa nafasi. Fanya hivi. Wiki hii mwezi umeandama, bamvua ipo. Watume watu Salale wakuletee ndoo mbili za maji ya mtoni, moja imechotwa yakipwa, ya pili yakiwa yamejaa. Ziweke mbele ya kichwa kile cheusi, mkalishe Bi Siti kiti cha mbele kabisa, kisha kwa heshima zote mwite Baba Mfaume, mkubwa wa ukoo, awafungulie wageni shughuli kwa kuonja.

Mpe kata ya ile ndoo ya pili. Akiimeza bila kukunja uso, mwachie kipaza sauti aseme apendavyo. Akitema, mpe leso ajifute, kisha kipaza sauti kishike wewe, ulitaje jina la Mwanahawa mpaka Salale wasikie.

Bi Mashavu