Mikono Mikavu kwa Mzee Birindwa

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Sindano sitini na nne. Thelathini na mbili kila kiganja — nilizihesabu zote. Mwalimu wa hesabu akilazwa kitandani afanye nini kingine? Kabla ya sindano daktari alinipaka iodini, akanyunyizia wanga, akasema penye jasho patageuka peusi. Viganja vikageuka vyeusi vyote, hadi kwenye vifundo vya mkono. Kisha akasema hajawahi kuona viganja vya namna hii tangu aanze kazi. Nilijisikia fahari, sijui kwa nini.

Jasho litakauka baada ya siku tano hadi saba. Litarudi baada ya miezi minne, mitano, pengine sita. Vidole vinaweza kukosa nguvu kwa wiki chache. Nikajibu sawa, sawa, sawa. Ningejibu sawa hata kama angesema ataikata mikono.

Anayejua ni Rémy peke yake, mwenzangu wa fizikia. Ndiye aliyenipa habari za daktari huyu anayepita Goma mara moja kwa miezi mitatu. Louise, mchumba wangu, hajui, wala hatakiwi kujua.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mikono imevimba. Madoa ya buluu kila mahali. Wanafunzi wameuliza, nimesema nyuki. Wote wameamini isipokuwa mmoja, na huyo ndiye nitakayempa alama nzuri.

Niandike basi kwa nini, ili siku moja nisijione mwendawazimu. Siku ya Pasaka Louise alinipeleka kwao mara ya kwanza. Baba yake, mzee Birindwa, alikuwa karani wa mahakama, greffier, miaka thelathini na mmoja. Alinipa mkono. Akautoa wake, akaufuta kwa leso, akaikunja leso mara nne na kuiweka mezani mbele ya watu wote, kama kielelezo cha kesi. Akasema: "Kijana, mi nilitumika ku tribinali miaka makumi tatu na moya. Mutu wa mikono maji, kila mara iko kitu anafichaka."

Na sikuwa nimeficha kitu! Natoka jasho hivi tangu utoto wangu Butembo. Chaki inageuka uji mkononi mwangu. Kwenye misa, wakati wa kupeana amani, najifanya nimezama katika sala. Ni jasho tu. Lakini mzee alikwisha kutoa hukumu, na binti ni wake.

Nje, Louise alinishika mkono uleule. Akasema: "Usibadilishe kitu ju ya papa. Ukibadilisha mikono leo, kesho atakuomba ubadilishe kichwa." Akaniapisha. Nikaapa.

Jumanne hiyohiyo, jioni

Nimesahau jambo la dawa. Mzee Birindwa hahukumu bila kutoa adhabu. Wiki moja baada ya Pasaka alimpa Louise karatasi aniletee. Imepigwa chapa, kwa vifungu kama sheria. Article 1: majivu ya maganda ya maharage, vikombe viwili. Article 2: ndimu sita. Article 3: maji ya majani ya mikalitusi, yachemke. Article 4: mhusika atalowesha mikono asubuhi na jioni, akisali Salamu Maria kumi. Chini, sahihi na muhuri. Mtu amestaafu tangu zamani na bado ana muhuri!

Louise alicheka hadi akakaa chini, akaniambia niitupe. Mimi nilichanganya dawa ile kwenye ndoo, kwa heshima tu, nikaisukuma chini ya kitanda. Sijachovya hata kidole. Inanuka sasa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Vifungo vya shati — dakika kumi na moja. Chupa ya maji imenishinda, Rémy amenifungulia mbele ya wanafunzi. Chaki imeanguka mara nne ubaoni na darasa zima limehesabu kwa sauti. Angalau wanajua kuhesabu.

Jasho bado lipo. Mikono dhaifu NA yenye maji. Nimepata hasara pande zote mbili.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kavu!

Nimeamka, nimegusa shuka, nimegusa ukuta, nimejigusa uso. Kavu kama mkate wa juzi. Kwenye misa niliwapa amani watu wa benchi langu, wa benchi la nyuma, na wa mabenchi mengine mawili upande wa wanawake. Padri akaendelea na misa, mimi bado niko njiani nagawa amani. Mama mmoja aliuliza kama nagombea uchaguzi.

Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, nasema kweli. Miaka thelathini na mmoja nimekuwa nikificha mikono mfukoni. Leo nimeitembeza.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Nimekwenda Mabanga, kwenye duka la vitenge la kina Louise. Louise alikuwa anapimia mteja. Mama Ernestine, mama yake, alikuwa kwenye daftari. Mzee alikuwa amekaa mlangoni akisoma gazeti la mwaka jana.

Nikampa mkono mwenyewe, wa kwanza. Akaushika. Akaugeuza. Akaupeleka kwenye mwanga. Leso haikutoka mfukoni.

"Ernestine," akaita, "kuya uone. Ile dawa yangu."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ilidumu kama sekunde tatu. Nilimwona yule mzee macho yanang'aa, mtu ambaye tangu astaafu hakuna aliyefuata hata Article moja aliyoandika. Nikasema: "Aksanti, papa."

Basi. Imekwisha kusemwa.

Kisha Louise akanivuta nyuma ya rafu. Akanishika mkono kama mtu anayeokota kitu cha mwingine. Hakucheka. Akauliza kama kweli nimetumia dawa ya papa. Nikasema nilijaribu kidogo. Akauliza: "Donat, unanipenda?" Nikajibu ndiyo, sana. Akaendelea kunishika. Alikuwa anangoja. Nilielewa anangoja nini, nikaanza kungoja pamoja naye. Hata tone halikuja.

"Siku uliniambiaka utanioa," akasema, "maji ilifika mupaka ku blouse yangu. Njo vile nilikuamini." Kisha mteja akaita, naye akaenda.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Mzee Birindwa amefungua rejista. Si mzaha. Daftari kubwa, namba, jina, ugonjwa, tarehe. Namba 1 ni mimi. Namba 2 ni katekista mwenye miguu inayotoa jasho. Namba 3 ni motari anayesema kiti cha pikipiki yake hakikauki — mzee amemwuliza maswali mengi, kisha akampa Article 1 hadi 3, bila sala, kwa sababu motari ni wa kanisa lingine.

Leo ameniita nitie sahihi. Attestation. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini, Donat, mwalimu, nathibitisha kwa hiari na akili timamu kwamba nimeponywa na dawa iliyotajwa." Kalamu haikai mkononi. Sahihi yangu imetoka kama njia ya mchwa. Mzee aliivalia miwani, akailinganisha na ile ya barua yangu ya kuomba uchumba. Nikadhani nimekamatwa.

"Furaha," akasema, "inatetemeshaka mutu." Akagonga muhuri.

Kwa hiyo: zamani nilikuwa na mikono ya mwongo na sikuwa mwongo. Sasa nina mikono ya mtu mwaminifu na nimetia sahihi uongo mbele ya greffier. Na jasho litarudi ifikapo Desemba, wakati tutakuwa tumeoana, nikipenda Mungu — akipenda Mungu. Hata kuandika sijui tena.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Louise hakukaa nami kanisani. Amekaa na mama yake. Wakati wa amani amenipa vidole viwili.

Kabla yangu alikuwa na mchumba, mtu wa magari ya mizigo ya Bunagana. Aliwahi kunisimulia. Mkono mkavu, maneno mazuri, alikwenda Kampala kuleta mali na akaoa hukohuko. Louise alipata habari sokoni, kwa watu. Tangu hapo maneno matupu hayamtoshi. Alipokutana na mtu ambaye mapenzi yake yanadondoka chini, alitulia. Nami nimekwenda kwa daktari kuziba bomba!

Mchana nimejaribu kutoa jasho kwa nguvu. Nimekimbia juu ya mawe ya volkano hadi njia panda na kurudi. Nimeshika kikombe cha chai ya moto. Rémy amenifunga mikono kwa mifuko ya plastiki, kisayansi, akashika saa. Matokeo: kwapa zimelowa, mgongo umelowa, miguu imelowa, soksi za kukamua. Viganja — jangwa. Rémy anasema kwamba kwake kama mwanafizikia, haya ni mafanikio makubwa.

Nikamwuliza kama rafiki je? Akasema kama rafiki niende nimwambie msichana. Nimeogopa. Nimerudi nyumbani.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Papa Kasereka amefika kutoka Butembo. Ni mdogo wa marehemu baba yangu, ndiye atakayenisemea Jumamosi kwenye kikao cha mahari. Amekuja kwa ndege na bado ana hasira nayo. Miaka yote alishuka na lori lake kupitia Rutshuru, akila viazi njiani. Sasa njia imefungwa, na ndani ya ndege wamempa pipi moja.

Kazi yake ni ngumu. Sisi Wanande tunatoa mbuzi. Wao, watu wa upande wa Bukavu, wanataka ng'ombe. Tangu Mei wazee wanajadiliana kwa simu ng'ombe mmoja ni mbuzi wangapi. Mimi mwalimu wa hesabu sikuulizwa.

Leo nikamwambia yote. Sindano, ndoo, attestation, Louise. Alinisikiliza akitafuna. Kisha akasema jana mzee Birindwa amempigia. Amepunguza ng'ombe mmoja, kwa sababu kijana ni mtiifu, amefuata dawa.

"Sasa weye unataka kusema nini?" akauliza. "Unajua ng'ombe moya ni mbuzi ngapi?"

Nikasema Louise ataniacha. Akasema mwanamke haachi mtu kwa sababu ya mkono. Kisha akaniangalia mikono muda mrefu, akauliza polepole kama yule daktari anatibu pia magoti.

Ijumaa, tarehe 21 Juni

Nimempigia Louise mara tano. Mara ya sita amepokea. Nikasema nina neno. Akasema: "Sema kesho, mbele ya watu. Ukiwa mbele ya watu unaonekanaka vizuri." Akakata.

Nampenda. Naandika hapa ambapo hakuna wa kunishika mkono: nampenda, na ninaweza kumpoteza kwa ujinga wangu mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Saa nane na nusu mchana. Niko nyuma ya tanki la maji, uani kwa mzee Birindwa. Daftari juu ya goti. Kalamu nimeishika kwa ngumi, kama mtoto wa chekechea. Niandike haraka.

Yote yamekwenda vizuri mno. Papa Kasereka amesema vizuri. Ng'ombe wamekubaliwa, mbuzi wamekubaliwa, wazee wamecheka pamoja. Kisha mzee Birindwa akasimama, akavaa miwani, akasoma attestation. Yote. Kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa Kimashi kwa ajili ya dada yake. Akaniita mbele, akainua mkono wangu hewani. Watu wakapiga makofi. Katekista akaonyesha kwamba miguu yake nayo inaendelea vizuri.

Mama Ernestine akasema chakula tayari. Louise akatoka ndani na jagi, beseni na taulo begani, kunawisha wageni. Kitenge cha njano. Nilikuwa sijamwona tangu Jumapili na moyo ulinipiga vibaya. Alianza na wazee. Mimi nikawa wa mwisho.

Alipiga goti. Akamwaga maji viganjani mwangu. Nikasugua. Akamwaga tena. Nikasema inatosha, akaendelea. Hakuwa ananiangalia usoni. Beseni likajaa, maji yakaingia viatuni mwangu, jagi likaisha. Hapo ndipo alipoinua macho. Akasema kwa sauti ya chini, nimeisikia mimi tu:

"Sasa iko na maji. Sema."

Nikafungua mdomo. Kulia kwangu, mzee Birindwa, karatasi bado mkononi, anatabasamu. Kushoto, papa Kasereka anatikisa kichwa polepole: hapana, hapana. Nikasema naomba dakika moja. Nikaja hapa.

Wanangoja. Mzee amesema sala ya chakula haitaanza bila namba moja wake. Wali unapoa, nasikia watu wananung'unika. Papa Kasereka ameanza kukohoa, namjua, hicho ni kikohozi cha ng'ombe mmoja.

Louise hajarudi ndani. Amesimama upande wa pili wa tanki, naona viatu vyake. Haondoki. Sasa ameinama. Nasikia robine ya tanki inafunguliwa — anajaza jagi tena.